Mwongozo kamili: Namna ya kumfikisha mwanariadha wa kiwango cha juu kwa mtaalamu wa afya ya akili

Makocha, wenzi wa wanariadha na wakimbiaji wanaofanya mazoezi pamoja wameniletea lalamiko lile lile mara nyingi: "Nilimwambia akamwone mtu, akaitikia vizuri, lakini hakwenda." Wengine wamerudia ombi hilo mara tatu au nne, na kila mara jibu limekuwa kwamba ataenda baada ya mashindano. Mashindano hayo yanapita, yanakuja mengine, na mtu anaendelea kudidimia.

Mwongozo huu unahusu kipande hicho kimoja tu, yaani kumtoa mwanariadha kwenye maumivu ya kimyakimya hadi aketi mbele ya mtaalamu mara ya kwanza, kisha arudi mara ya pili. Haufundishi kutibu. Nimeuandika nikiwafikiria zaidi wakimbiaji wa masafa ya kati na marefu wanaoishi kambini Iten, Eldoret na Kaptagat nchini Kenya, ingawa bondia au mchezaji wa soka wa kulipwa atauona unamfaa kwa sehemu kubwa.

Kosa linalorudiwa ni hili: tunazungumza na mwanariadha kama mtu asiyejua kwamba anaumwa. Anajua. Kinachomzuia ni hesabu anayoipiga kichwani kuhusu nafasi yake kikosini, mkataba wa viatu, ada za shule za watoto wa ndugu zake, na jina lake kijijini. Usipoigusa hesabu hiyo, maneno mazuri hayatamfikisha popote.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kufungua mdomo

- Jina la mtaalamu mmoja, na wa pili wa akiba, uliyezungumza naye mwenyewe na akakuambia ana nafasi ndani ya siku saba.
- Fedha za angalau vikao vitatu na nauli, pamoja na jibu la wazi la nani analipa.
- Daftari dogo lenye mambo uliyoyaona kwa macho yako, kila moja na tarehe yake.
- Orodha ya mwaka huu ya dawa zilizokatazwa michezoni, ambayo Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli huitoa kila mwaka.
- Karatasi ya utambuzi ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iitwayo SMHRT-1. Imetengenezwa kwa ajili ya wanariadha na watu wa karibu nao, na inapatikana bila malipo. Ndugu yake, SMHAT-1, ni ya madaktari na wataalamu walioidhinishwa, kwa hiyo usijaribu kuitumia mwenyewe.
- Namba za dharura zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye simu. Nchini Kenya, 1199 ni ya Msalaba Mwekundu kwa msaada wa kisaikolojia, na 1195 ni ya waathirika wa ukatili wa kijinsia. Ongeza na ya hospitali yenye kitengo cha afya ya akili iliyo karibu nawe. Kwa walio Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.
- Saa mbili zisizo na shughuli nyingine yoyote, na simu iliyonyamazishwa.

Ukikosa kimoja kati ya viwili vya kwanza, ahirisha mazungumzo kwa siku mbili tatu na ukitafute. Mtu anayekubali leo, kisha akaambiwa kwamba daktari atapatikana mwezi ujao, ni vigumu sana kumfanya akubali tena. Sharti hili halihusu dalili za hatari zilizotajwa katika hatua ya kwanza na ya tano. Hizo hazisubiri maandalizi.

## Hatua ya 1: Tazama na uandike

Kwa muda wa wiki mbili hivi, andika kile kinachoonekana bila kukitafsiri. "Amekata tamaa" ni tafsiri, na mwanariadha ataipinga kwa sentensi moja. Lakini ukiandika: "Jumanne alifika uwanjani mapema, akakaa ndani ya gari dakika arobaini, injini imezimwa, viatu vya mazoezi mapajani, wenzake wakaanza kupasha misuli bila yeye," hilo ni jambo lililotokea na hawezi kulikana.

Angalia usingizi, chakula, hasira za ghafla, kuongezeka kwa pombe, kujitenga wakati wa chai ya saa nne, majeraha madogo madogo yasiyoisha, na kule kuacha kutazama saa yake baada ya mbio. Hilo la mwisho linapuuzwa na wengi. Mkimbiaji asiyetaka tena kujua muda wake kwa kawaida amepoteza zaidi ya kasi.

Kuna mambo ya mwili yanayofanana na huzuni kubwa: upungufu wa damu au madini ya chuma, matatizo ya tezi ya shingoni, mazoezi yaliyozidi uwezo wa mwili kupumzika, na kula kidogo kuliko nguvu zinazotumika. Kwa sababu hiyo vipimo vya damu ni sehemu halali ya safari hii, na mara nyingi ndio mlango ambao mwanariadha haogopi kuupita. Tahadhari ni kwamba usimdanganye. Mwambie waziwazi kwamba daktari ataangalia damu na pia atauliza kuhusu usingizi na mawazo.

Usingoje wiki mbili ikiwa amesema hataki kuishi, amegawa vitu vyake, amewaaga watu kwa namna isiyo ya kawaida, anaona au kusikia mambo ambayo wengine hawayaoni, au amekaa siku kadhaa bila kulala. Hapo nenda moja kwa moja kwenye hatua ya tano.

Umefanikiwa pale unapokuwa na matukio matatu au manne yenye tarehe, ambayo mtu mwingine aliyekuwepo angeyaeleza vivyo hivyo.

## Hatua ya 2: Punguza bei ya kusema ukweli

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kila kitu.

Mwanariadha haogopi bure. Mwaka 2021 mchezaji wa tenisi Naomi Osaka alipotangaza kwamba hatahudhuria mikutano ya waandishi wa habari katika mashindano ya wazi ya Ufaransa kwa ajili ya afya yake ya akili, alitozwa faini ya dola 15,000 na kuonywa kwamba angeweza kuondolewa mashindanoni. Alijitoa mwenyewe, ndipo akaeleza kwamba alikuwa akisumbuliwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, tangu mwaka 2018. Kama mchezaji maarufu kiasi hicho alilipishwa, kijana wa miaka 22 anayelala watu wanne chumba kimoja ana haki ya kujiuliza yeye atalipishwa nini.

Kwa hiyo, kabla ya mazungumzo, tafuta majibu ya maswali manne atakayouliza moyoni hata asipoyatamka.

"Nitapoteza nafasi yangu?" Zungumza na kocha bila kutaja jina. Muulize mkimbiaji akipumzika wiki tatu kwa ajili ya matibabu ya akili, je, nafasi yake itashikiliwa kama ya mwenye jeraha la msuli wa paja? Omba jibu la ndiyo au hapana. Kocha akisema ndiyo, mwambie aitamke mbele ya kundi zima siku ya kawaida, wakati hakuna anayeshukiwa. Ahadi iliyotolewa mapema huaminika kuliko ile inayotolewa mtu akiwa tayari yuko taabani.

"Mkataba wangu je?" Baadhi ya mikataba ya viatu na mavazi hupunguza malipo mwanariadha asiposhiriki idadi fulani ya mashindano au akishuka katika orodha ya ubora. Mwambie ausome pamoja na mtu anayeielewa lugha ya sheria, na atafute sehemu inayohusu ugonjwa. Wasiwasi usio na mipaka humtesa mtu kuliko hasara yenye tarakimu anazoziona.

"Kazini watasemaje?" Wanariadha wengi wa Kenya wameajiriwa jeshini, polisi au magereza. Humo hofu ni kubwa zaidi, kwa sababu faili la afya na faili la ajira yanaonekana kama kitu kimoja. Pendekeza aanze kwa mtaalamu wa nje, kisha aamue mwenyewe, pamoja na mtaalamu huyo, kipi kiandikwe na kipelekwe wapi.

"Dawa hizo hazitanitia kwenye kashfa ya doping?" Jibu hili lazima uwe nalo kwa usahihi. Dawa za sonona zinazotumika zaidi, kama vile fluoxetine na sertraline, hazimo katika orodha ya zilizokatazwa. Dawa za kuchangamsha ubongo zinazotolewa kwa tatizo la kukosa umakini, kama methylphenidate, zimekatazwa wakati wa mashindano na zinahitaji kibali cha matumizi ya tiba. Propranolol, ambayo wengine huandikiwa kwa wasiwasi, imekatazwa katika michezo ya kulenga kama vile kulenga shabaha, upinde na gofu, lakini si kwa mkimbiaji. Hata hivyo kila dawa ikaguliwe kwenye orodha ya mwaka husika kabla ya kumezwa, na daktari aambiwe tangu dakika ya kwanza kwamba mgonjwa wake hupimwa.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Mwanariadha aliye kwenye orodha ya wanaopimwa bila taarifa anatakiwa kueleza alipo kila siku, na makosa matatu ndani ya miezi 12 ni ukiukaji wa sheria. Mtu aliyelemewa na sonona husahau fomu hizo. Ikiwa atalazwa au atahamia kwa dada yake, mtu mmoja anayemwamini amsaidie kubadilisha taarifa siku hiyo hiyo. Itakuwa dhuluma kubwa mtu apone ugonjwa halafu afungiwe kwa sababu ya fomu.

Umefanikiwa pale unapoweza kujibu maswali yote manne bila kusema "nadhani".

## Hatua ya 3: Chagua atakayesema

Kocha mkuu mara nyingi si mtu sahihi, hata akiwa na moyo mwema, kwa sababu ndiye anayepanga vikosi. Meneja naye anachukua asilimia ya zawadi. Mwanariadha anayapima maneno yao kwa mizani hiyo.

Nimeona mara kadhaa kwamba mtu anayefaa kuliko wote ni mkandaji wa misuli. Mkimbiaji amelala kifudifudi, uso umeelekea sakafuni, hakuna anayemtazama machoni, na mikono inayomhudumia imezoea kuuliza "panauma hapa?" Maneno ambayo hayajawahi kutoka kwenye meza ya chakula hutoka pale. Wengine wanaofaa ni nahodha wa kambi aliyestaafu mbio, mwenzake wa chumba, dada mkubwa, au mwanariadha aliyewahi kupata matibabu na yuko tayari kusema hivyo.

Achaguliwe mmoja tu. Wakitumwa watatu, mwanariadha atahisi amezingirwa. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapa: nilimtajia kijana mmoja hali yake mezani wakati wa chai, mbele ya wenzake sita, nikidhani wingi wetu utamtia moyo. Aliweka kikombe chini, akaenda kufunga mkoba wake, na kambini hakurudi tena. Ilituchukua miezi kadhaa kumpata kwa simu.

## Hatua ya 4: Mazungumzo yenyewe

Chagua saa baada ya mbio nyepesi, mwili ukiwa umetulia, na mtembee bega kwa bega kwenye barabara ya vumbi isiyo na watu wengi. Usichague siku ya mashindano mabaya, wala siku kumi za mwisho kabla ya mashindano makubwa, isipokuwa kuna hatari ya maisha. Usifanye kwa ujumbe wa simu.

Anza na ulichoona, kisha sema unavyojisikia, kisha uliza jambo moja la mwili. Mfano:

"Jumanne nilikuona umekaa ndani ya gari muda mrefu. Na wiki iliyopita uliacha chakula chako siku mbili mfululizo. Nimepata wasiwasi juu yako, ndugu yangu. Usingizi wako ukoje siku hizi?"

Swali la usingizi lina sababu yake. Wengi wetu hatusemi "nina sonona". Tunasema kichwa kimejaa, moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, nimechoka tu. Ukimwuliza kuhusu mwili unampa lugha aliyonayo tayari, na mwanariadha ameizoea kuliko mtu yeyote.

Baada ya kuuliza, nyamaza. Ukimya wa dakika nzima utauona kama saa, nao ni wa lazima. Akijibu "niko sawa", usibishane naye. Sema, "Sawa. Nami nitaendelea kutembea nawe," na mtembee. Mara nyingi jibu la kweli huja kwenye mteremko wa kurudi.

Yapo maneno yanayofunga mlango, hata yakitoka kwa mtu anayempenda. "Kaza moyo" ameambiwa tangu akiwa shule ya msingi, na kukaza ndiko kulikomfikisha hapo. "Wewe una nyumba na gari, unalia nini?" linamwongezea aibu. "Mwanamume halii" limewapeleka wengi kwenye chupa. Na "omba tu" linahitaji uangalifu wa pekee: mwanariadha wa imani atafarijika kwa sala, hivyo usiishushe imani yake. Mwambie kwamba aliombewa pia alipovunjika kifundo, na bado alikwenda kupigwa picha ya mfupa. Kama mchungaji wake au imamu ni mtu mwelewa, ongea naye mapema, maana neno lake linaweza kuondoa kizuizi ambacho wewe huwezi kukigusa.

Usianze kwa hadithi za mashujaa wa dunia. Zitafaa baadaye, akiuliza kama mtu anaweza kurudi. Hapo mweleze kuhusu mwogeleaji Michael Phelps, aliyeingia kituo cha matibabu kwa siku 45 mwaka 2014 na kuondoka Olimpiki ya Rio 2016 na dhahabu tano na fedha moja. Au mwanasarakasi wa jimnastiki Simone Biles, aliyejitoa katika fainali ya timu Tokyo mwaka 2021, kisha akashinda dhahabu tatu Paris mwaka 2024. Lakini mwambie pia kwamba medali si sharti la kupona. Asije akadhani kwamba matibabu ni mazoezi mengine yanayotarajiwa kuleta ushindi.

Umefanikiwa pale anapotaja jambo moja ambalo hukulijua. Si lazima awe amekubali kwenda.

## Hatua ya 5: Uliza kuhusu kujiua na kuhusu usalama wa nyumbani

Uliza kwa maneno yaliyonyooka: "Je, umefikia kuwaza kujiua?" Watu wengi wanaogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Halimpandikizii, kwa kawaida linampunguzia mzigo, kwa sababu ni mara ya kwanza mtu mwingine kulitamka.

Akisema ndiyo, uliza kama ana mpango na kama njia iko karibu naye. Ikiwa ana mpango, usimwache peke yake, hata kwa muda wa kwenda kuchukua gari. Piga simu mtu mwingine aje, na mwende hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kunyunyizia mahindi, vidonge vilivyobaki na silaha kwa walio katika vikosi viondolewe na vikabidhiwe mtu mwingine. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie, "Nitawaambia tu wale wanaohitajika ili ubaki salama, na nitakutajia majina yao."

Wengine wanaogopa polisi. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Sheria za nchi jirani hazifanani na hiyo, kwa hiyo aliye nchi nyingine aulize kwanza. Lakini hofu ya sheria isimzuie mtu kufikishwa hospitali.

Kwa wanariadha wa kike, kuna swali la pili lisilorukwa: nani anashika pesa na simu yake? Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, mwezi mmoja baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa marathoni wa Uganda, alifariki Eldoret Septemba 2024 baada ya kuchomwa moto na mtu aliyewahi kuwa mpenzi wake. Kukosa usingizi na hofu ya mwanamke anayetishiwa nyumbani si ugonjwa wa kuanza kutibiwa kwa vidonge. La kwanza ni usalama wake.

Katika hali hiyo usimtumie ujumbe wa miadi kwenye simu inayosomwa na mwingine, na usimpe mume au mpenzi jukumu la kumsindikiza. Tumia 1195, au wasiliana na Tirop's Angels, taasisi iliyoanzishwa kwa kumbukumbu ya Agnes ili kupambana na ukatili huu.

## Hatua ya 6: Mpe programu, usimpe ushauri

Mwanariadha wa kiwango cha juu ameishi maisha yake kwa programu. Ukimwambia "ungefikiria kumwona mtu", umempa wazo la kuning'inia. Ukimwambia "Alhamisi saa nane mchana, baada ya kupumzika, tunakwenda kumwona daktari, nitakupitia saa saba na nusu," umempa kitu anachojua kukitekeleza.

Piga simu mkiwa pamoja, papo hapo, na aongee mwenyewe kama anaweza. Mweleze kikao cha kwanza kitakavyokuwa: kitachukua takriban dakika 45 hadi 60, ataulizwa kuhusu usingizi, familia, mazoezi na pombe, pengine atajaza karatasi ya maswali, na anaweza kusema "hilo siko tayari kulizungumza". Chagua mtaalamu anayezungumza Kiswahili au lugha ya nyumbani kwake. Kulia kwa Kiingereza ni kazi ngumu.

Kuhusu mahali, uwe mwangalifu na majina. Mathari kwa Kenya na Mirembe kwa Tanzania ni hospitali zinazowahudumia watu wengi sana, lakini mitaani majina yake yamegeuzwa kuwa matusi. Ni unyanyapaa usio wa haki, lakini huwezi kuumaliza Alhamisi hii. Kama hali si ya dharura, anza na hospitali ya kawaida au ofisi ya mwanasaikolojia. Aliye ughaibuni kwa msimu wa mashindano anaweza kuanza kwa simu ya video.

Siku ikifika, nenda naye. Keti nje. Usiulize walizungumza nini. Akitoka, mnunulie chai.

### Akikataa

Atakataa mara nyingine, na hujashindwa. Tumia kipimo, kama mnavyofanya kwenye majaribio ya muda: "Basi tupatane. Kwa siku kumi andika saa unazolala. Ijumaa ya tarehe fulani tukutane. Ikiwa wastani uko chini ya saa tano, tunakwenda." Mpatane kwa sauti, tarehe itajwe, na siku hiyo uwepo. Katika siku hizo kumi usimkumbushe kila asubuhi, ila msalimie kama kawaida.

Akikataa tena, mwombe kitu kidogo zaidi, kwa mfano mazungumzo ya simu ya dakika kumi na mtaalamu, bila jina. Mtu mzima ana haki ya kukataa matibabu maadamu maisha yake au ya mwingine hayamo hatarini. Kumburuta huvunja uaminifu ambao utauhitaji mwezi ujao.

## Hatua ya 7: Linda siri kwa maandishi

Kaa naye mwandike kwenye karatasi moja majina ya wanaojua, na kila mmoja anajua nini. Kocha anahitaji kujua mazoezi yapunguzwe kiasi gani na kwa muda gani. Hahitaji kujua jina la ugonjwa. Meneja anahitaji kujua mashindano yapi yafutwe. Wazazi, ataamua yeye.

Tungeni sentensi moja kwa ajili ya waandishi wa habari na wadadisi: "Napumzika kwa sababu za kiafya na nitarudi daktari akiniruhusu." Kila aliye kwenye orodha aseme hiyo hiyo. Kambi ina masikio mengi, na habari ikishatoka kwa maneno matatu tofauti, uvumi hujaza nafasi iliyo katikati.

## Hatua ya 8: Mshike hadi kikao cha tatu na mbio za kwanza

Wengi hukatisha kati ya kikao cha kwanza na cha tatu. Kikao cha kwanza huwachosha, nafuu haijaonekana, na dawa nyingi za sonona huhitaji wiki mbili hadi sita kabla ya kufanya kazi vizuri, ilhali kichefuchefu na usingizi mzito huweza kuja mapema. Mkimbiaji anayeona miguu mizito Jumatano huitupa dawa Alhamisi. Mweleze hilo kabla, na umwombe ampigie daktari badala ya kuacha ghafla, kwa kuwa kuacha ghafla kuna madhara yake.

Usimwondoe kwenye mazoezi yote isipokuwa daktari ameagiza. Kundi linalokimbia pamoja alfajiri ni dawa pia, na kulikosa kunaweza kumzamisha zaidi. Akimbie nyuma na kundi jepesi, bila saa mkononi, na asipewe kazi ya kuweka kasi.

Panga simu tatu kwenye kalenda yako: asubuhi baada ya kikao cha kwanza, siku moja kabla ya kikao cha tatu, na asubuhi baada ya mashindano yake ya kwanza ya kurudi. Hiyo ya mwisho ipige hata kama ameshinda. Muulize kwanza alilalaje; habari ya muda wake subiri akutajie mwenyewe.